Mdhulumiwa na Shahidi Wasiachwe Peke Yao

Mtu afikaye Holili, wilayani Rombo, hawezi kukosa kuona jinsi Serikali inavyoweza kufanya jambo likafanyika pindi inapodhamiria. Katika mpaka huo wa Tanzania na Kenya, lori la mizigo litokalo Taveta sasa husimama upande mmoja tu. Maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja, hukagua karatasi, hutoza kinachostahili kutozwa, na lori huendelea na safari yake kuelekea Himo na Moshi. Siku zilizopotea zamani katika kungoja mihuri miwili zimepungua. Wafanyabiashara wameshukuru, na wana haki ya kushukuru.

Lakini Holili ina mlango mwingine usiokuwa na paa wala muhuri. Ni zile njia za panya zipitazo katikati ya mashamba na mabonde, ambako mirungi, bangi na bidhaa za magendo huvushwa usiku, na ambako baadhi ya nyakati kinachovushwa ni binadamu. Msichana aliyeahidiwa kazi ya ndani mjini asikokujua hupita huko. Kijana kutoka Ethiopia aliyeuza mali ya wazazi wake kwa matumaini ya kufika Afrika Kusini hupita huko. Na mwananchi wa kawaida wa kijiji cha mpakani, ambaye shamba lake liko kando ya njia hizo, huona yote hayo kwa macho yake.

Swali tunalotaka kuliuliza leo ni hili: Mwananchi huyo akijitokeza kusema aliyoyaona, nani atamlinda? Na yule msichana akiokolewa, nani atampa mahali pa kulala, daktari wa kumtibu, na nauli ya kumfikisha mahakamani siku shauri litakapotajwa?

Tunauliza kwa sababu katika hesabu ya gharama za uhalifu, mtu huyu husahauliwa. Serikali humlipa mshahara askari amkamataye mhalifu. Humlipa mwendesha mashtaka, humlipa hakimu. Mtuhumiwa akiwa mahabusu, Serikali humlisha na kumtibu. Akishtakiwa kwa kosa la kuua na hana uwezo, humwekea wakili wa kumtetea. Yote hayo ni sawa, wala hatusemi hata kidogo kwamba yapunguzwe. Mtuhumiwa ni binadamu, na hana hatia mpaka mahakama itakapoamua. Lakini katika orodha yote hiyo, aliyeumizwa yuko wapi? Huyu huja kwa miguu yake, hujitibu kwa fedha zake, na aghalabu hurudi kwake akiwa maskini kuliko alivyokuwa kabla ya kudhulumiwa.

Ahadi ya Katiba

Wako watakaosema kwamba kumhudumia mwathirika ni huruma, na kwamba huruma ni kazi ya ndugu, ya makanisa na ya misikiti. Hoja hiyo haina msingi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 107A iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2000, imeweka miongoni mwa kanuni zinazoongoza mahakama zetu kanuni ya kuwapa fidia ipasavyo watu walioathirika kwa makosa ya wengine, kwa kufuata sheria mahususi itakayokuwa imetungwa na Bunge. Hilo ni deni la taifa, limeandikwa katika sheria mama, nalo halina uhusiano na sadaka.

Ni kweli kwamba Bunge limekwisha kufanya mengi. Sheria ya Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai zinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyemdhuru. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikaza zaidi jambo hilo kwa makosa ya aina hiyo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 iliweka kamati, sekretarieti na mfuko wa kuwasaidia walioathirika. Sheria ya Mtoto ilikuja mwaka 2009, na mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi. Mwaka 2017 ikapatikana Sheria ya Msaada wa Kisheria. Polisi wameanzisha madawati ya jinsia na watoto, na hospitali kadhaa zina vituo vya mkono kwa mkono ambako mwathirika hukutana na daktari, askari na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa hatuna sheria. Tatizo ni kwamba fidia inayoamriwa na mahakama hutegemea mfuko wa mkosaji. Mkosaji huyo, mara nyingi, ni mtu asiye na shamba wala ng'ombe, naye anakwenda kutumikia kifungo cha miaka 30. Atalipa nini, na lini? Mama wa mtoto aliyenajisiwa hubaki na karatasi yenye amri halali ya mahakama ya nchi yake, na karatasi hiyo haiwezi kununua hata kidonge kimoja.

Nauli ya shahidi

Wapo wasomaji wetu, hasa walimu, wanaojua jambo hili kuliko sisi. Chukua mfano wa shauri la kawaida kabisa. Mwanafunzi wa shule ya msingi mpakani anaonekana amebadilika. Hasomi, hachezi, analia bila sababu. Mwalimu anamwita pembeni, anamsikiliza, na anatambua kwamba mtoto amefanyiwa ukatili. Mwalimu anatoa taarifa. Mganga anajaza fomu ya polisi namba 3. Mtuhumiwa anakamatwa. Hadi hapo kila mtu ametimiza wajibu wake.

Kisha shauri linakwenda katika mahakama ya wilaya, Mkuu. Mtu wa Holili anayesafiri kwa barabara kuu hupita Himo, akapanda mlima kupitia Marangu Mtoni na Mwika, ndipo afike Mkuu. Safari hiyo si ya mtu mmoja. Mtoto hawezi kwenda peke yake, kwa hiyo mama huacha genge lake au kibarua chake. Mwalimu huomba ruhusa na kuliacha darasa. Mganga huacha wagonjwa. Wanafika, na wanaambiwa shauri limeahirishwa. Wanarudi baada ya wiki mbili. Limeahirishwa tena. Safari ya tatu mama hana nauli. Safari ya nne watu wa upande wa pili wamemwendea jioni, na bahasha.

Hapo ndipo shauri hufa. Halifi kwa sababu ushahidi ni dhaifu. Sheria yetu ya Ushahidi inakubali kwamba katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathirika peke yake, hata kama ni mtoto, iwapo inaridhika kuwa anasema kweli. Maana yake ni kwamba uzito wote wa shauri umewekwa juu ya mabega ya yule mtoto. Tumempa mtoto nguvu kubwa katika sheria, kisha tukamnyima nauli ya kwenda kuitumia.

Sote tunajua pia habari ya mashauri ya kuwapa mimba wanafunzi. Mwaka 2016 Bunge liliirekebisha Sheria ya Elimu na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa kosa hilo. Adhabu ni kali ya kutosha. Lakini adhabu kali isiyokuwa na shahidi ni mzigo usiokuwa na mbebaji. Binti hufundishwa kukana, wazazi hugeuza maneno, na mwalimu mkuu aliyeandika barua ya taarifa hubaki peke yake mbele ya hakimu, akitazamwa na kijiji kizima kama adui.

Hapa Kilimanjaro tunayo desturi njema ya wazee wetu ya jani la sale. Mtu aliyekosana na jirani yake hupeleka jani hilo kuomba msamaha, na aliyeletewa huona vigumu kulikataa. Desturi hiyo imeponya ugomvi mwingi wa mipaka ya vihamba na wa maneno ya vilabuni, na tungependa iendelee. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya kuficha unyama aliotendewa mtoto. Pale familia zinapomaliza nyumbani jambo la jinai kwa vikao na fedha, tusikimbilie kuzilaumu tu. Tujiulize kwanza: Dola iliwapa nini familia hizo, mbali ya wito wa mahakama? Mzazi maskini aliyekabiliwa na bahasha mkononi kwa upande mmoja, na safari zisizo na mwisho kwa upande mwingine, amewekwa katika mtihani ambao wengi wetu tungeushindwa.

Funzo la Arusha na la jirani

Hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Kutoka Moshi hadi Arusha ni mwendo wa kama kilomita 80. Pale Arusha ndipo ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa mbele ya mahakama hiyo. Wengi walikuwa wanakijiji wa kawaida, wakiwamo wanawake waliopoteza kila kitu. Mahakama ilikuwa na kitengo maalumu cha kuwahudumia: kuwasafirisha, kuwapa malazi, kuwatibu, kuwaficha majina yao, na kuwarudisha makwao salama.

Hata mahakama hiyo yenye fedha nyingi ilipata funzo chungu. Mwaka 2002 vyama vya manusura wa mauaji ya kimbari vilisitisha ushirikiano, vikilalamikia namna mashahidi walivyokuwa wakitendewa. Mashahidi hawakuja, na baadhi ya mashauri yakakwama. Majaji walikuwapo, mawakili walikuwapo, washtakiwa walikuwapo, na jengo lilikuwapo. Lakini bila ya yule mama wa kijijini Rwanda hapakuwa na la kusikilizwa. Dunia nzima ilijionea hapa hapa kwetu kwamba shahidi ndiye nguzo ya mahakama.

Ng'ambo ya pili ya Holili, ndugu zetu wa Kenya wana Sheria ya Kuwalinda Mashahidi tangu mwaka 2006, wakala maalumu wa kazi hiyo, na tangu mwaka 2014 Sheria ya Kuwalinda Waathirika iliyounda bodi na mfuko wa amana. Hatusemi kwamba huko mambo yote yamekamilika. Kutunga sheria ya mfuko ni jambo moja, na kuujaza mfuko ni jambo jingine. Lakini msichana yule yule, akiwa amedhulumiwa na mtu yule yule, hapaswi kuwa na haki za aina moja akiwa Taveta na za aina nyingine akiwa Holili.

Katika dunia kubwa, wazo hili si geni. New Zealand ilitunga sheria ya fidia ya Serikali kwa walioumizwa na wahalifu mwaka 1963, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Tarehe 29 Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha tamko la misingi ya haki kwa waathirika wa uhalifu, likiyataka mataifa kujitahidi kutoa fidia pale mkosaji anaposhindwa kuitoa yote. Tamko hilo sasa limepita umri wa miaka 40.

Fedha zitoke wapi

Tunajua swali litakalofuata, hasa kutoka kwa ndugu zetu wa Hazina. Nchi ina madarasa ya kujenga, zahanati za kujaza dawa, na barabara za kutengeneza. Fedha zitoke wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba fedha hizo tayari zinatumika, ila zinatumika bure. Kila shauri linalofutwa kwa kukosa mashahidi limekwisha kula mafuta ya gari la polisi, muda wa hakimu, karatasi za ofisi, na chakula cha mahabusu. Kumlipa shahidi nauli na posho yake kwa wakati ni njia ya kuokoa gharama hizo zote. Mkulima hapandi shamba zima kisha akakataa kulipia palizi.

Jibu la pili ni kwamba uhalifu wenyewe unaweza kuchangia. Mahakama hutoza faini. Kwa Sheria ya Mazao ya Uhalifu ya mwaka 1991, mali iliyopatikana kwa uhalifu inaweza kutaifishwa. Gari lililokamatwa likivusha binadamu, fedha za mfanyabiashara ya dawa za kulevya, dhamana ya mtoro: sehemu ya mapato hayo ikiwekwa katika mfuko wa waathirika, hapatakuwa na mlipa kodi atakayeona ameonewa. Marekani imefanya hivyo tangu mwaka 1984, ikiuendesha mfuko wake wa waathirika kwa faini za wahalifu badala ya kodi za wananchi.

Lakini tuseme na upande wa pili wa habari hiyo. Faini hupanda na kushuka. Katika nchi hiyo hiyo mapato ya mfuko yalipungua kiasi kwamba mwaka 2021 ilibidi sheria irekebishwe ili kuuongezea vyanzo. Kwa hiyo mfuko wetu usisimame kwa mguu mmoja. Uwe na faini na mali zilizotaifishwa, na uwe pia na fungu lake linalojulikana katika bajeti ya kila mwaka, fungu ambalo halihamishwi kwenda kununulia matairi.

Jibu la tatu linahusu kujitegemea. Nyumba salama nyingi zinazowapokea wasichana waliookolewa hapa nchini huendeshwa na mashirika ya hiari kwa misaada ya wafadhili. Tunawashukuru. Lakini mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitufundisha kwamba msingi wa maendeleo yetu hauwezi kuwa fedha za wengine, na mwaka 2025 tulikumbushwa somo hilo, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje. Usalama wa mtoto wa Kitanzania aliyedhulumiwa hauwezi kungoja uchaguzi wa nchi nyingine.

Yapasayo kufanywa

Kwa maoni yetu, hatua zinazohitajika hazina ugumu wa kueleweka.

Kwanza, nauli na posho ya shahidi zilipwe siku ile ile anapofika mahakamani, awe ametoa ushahidi au shauri limeahirishwa. Kosa la kuahirisha si lake.

Pili, Bunge litunge ile sheria mahususi ambayo Katiba inaitaja, na kwa sheria hiyo uundwe mfuko mmoja wa fidia na huduma kwa waathirika wa makosa makubwa yote. Mfuko huo ulipe matibabu na mahitaji ya lazima mapema, kisha Serikali imdai mkosaji. Asiachiwe mwathirika kazi ya kumfukuza mkosaji huyo.

Tatu, kila mkoa wa mpakani uwe na angalau nyumba salama moja ya umma, yenye afisa ustawi wa jamii anayelipwa na Serikali. Mkoa wa Kilimanjaro, wenye Holili na Tarakea, uwe miongoni mwa ya kwanza.

Nne, mahakama ziwe na chumba cha kungojea mashahidi. Ni aibu kwa mtoto kukaa benchi moja na ndugu wa mtu aliyemdhuru, wakimkodolea macho tangu asubuhi. Chumba cha namna hiyo hakihitaji mfadhili. Kinahitaji mlango na uamuzi.

Tano, ulinzi ulioahidiwa na sheria ya mwaka 2015 ufike vijijini. Wazee wa Rombo hawajasahau miaka ya 1977 hadi 1983, mpaka ulipofungwa na magendo yakashamiri. Mwaka 1983, Marehemu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya walanguzi, silaha kubwa ya Serikali ilikuwa taarifa za wananchi wenyewe. Mwananchi ataendelea kuwa jicho la nchi yake pale tu atakapojua kwamba jina lake halitauzwa katika kituo kile kile alikolipeleka.

Sita, hesabu za fedha hizo ziwekwe wazi kila mwaka, zikaguliwe na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ili tujue waliosaidiwa ni wangapi na kwa kiasi gani.

Mwezi Julai 2023 Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi taarifa yake. Kuundwa kwa tume hiyo kulikuwa kukiri, katika ngazi ya juu kabisa, kwamba nyumba ya haki jinai inahitaji matengenezo. Tunachoomba ni kwamba katika kuitengeneza nyumba hiyo, chumba cha aliyedhulumiwa kisiwe cha mwisho kupakwa rangi.

Wajibu wetu

Mwisho, tuseme neno kwa watumishi wa umma na walimu. Si kila jambo hungoja bajeti. Karani anayempigia shahidi simu kumjulisha kwamba hakimu amesafiri, ili asipoteze nauli, hahitaji kifungu cha sheria. Mkuu wa idara anayempa ruhusa na gari mwalimu aliyeitwa kutoa ushahidi ametumikia haki sawa na hakimu. Askari anayemkaribisha binti ndani badala ya kumhoji kaunta, mbele ya watu, amefanya kazi ambayo hakuna fedha ingeweza kuinunua. Utumishi ni pamoja na hayo.

Taifa limeonyesha pale Holili kwamba linaweza kuujengea mzigo nyumba ili usinyeshewe wala usicheleweshwe. Hatuna shaka kwamba ni jambo jema. Lakini mtoto wa mkulima wa Holili ana thamani kuliko shehena ya lori lolote litakalopita pale. Tukiweza kuiharakisha mizigo, hatuna sababu ya kushindwa kumfikisha mtoto huyo mahakamani, akiwa salama, ameshiba, na akijua kwamba nchi yake iko upande wake.